Vigae vya kale kwenye msingi wa nyumba

SWALI: Tukichimba msingi hapa Shirimatunda tumekuta vigae vya vyungu na mkaa. Kijana anayejiita mwanaakiolojia anataka kuvinunua leo leo. Nimuuzie?

JIBU: Usimuuzie, ndugu yangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka mchimbaji wa mabaki ya kale awe na kibali cha Idara ya Mambo ya Kale; mwambie akuoneshe. Tena mwenye taaluma hanunui. Hupima kina, huchora tabaka za udongo, hupiga picha kabla ya kugusa. Mkaa uliolala tabaka moja na kigae unaweza kutupa umri wa kigae hicho. Ukishavichanganya mfukoni, ushahidi huo haurudi tena. Simamisheni uchimbaji, funikeni shimo kwa turubai, kisha mkamwarifu mtendaji wa kata leo.