Siku ya Tatu: Simu Yako na Kuacha Tumbaku, Ziwa Jipe

Ndugu mvuvi, mama muuza samaki, kijana wa bodaboda,

Hatukuja kukwambia sigara ni mbaya. Hilo unalijua. Tunazungumza nawe uliyekwisha kusema "naacha" mara tatu, mara nne, kisha ukarudi dukani kununua moja moja.

Hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu 9 kati ya kila watu wazima 100 nchini Tanzania wanatumia tumbaku, wanaume wakiwa wengi zaidi.

Nikotini ikianza kutoka mwilini, kiu yake hupanda sana siku ya pili na ya tatu. Usingizi hukatika, hasira huja bila sababu. Lakini kila kiu ikipanda hudumu dakika chache tu, kisha hushuka. Mvuvi yuko kwenye mtumbwi saa nane usiku, upepo wa Jipe unampiga, mwenzake anawasha: dakika hizo ndizo zinazomshinda. Zahanati imefungwa. Simu anayo, ameifunga kwenye kifuko isilowe.

Desemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya mwaka mzima ya kuwasindikiza wanaoacha, ikiwafikia pia kwa WhatsApp. Sisi tunaweza kusindikizana wenyewe, kwenye grupu letu la WhatsApp.

Grupu la namna gani?

Dogo. Watu kumi na wawili hivi, wanaofahamiana, wote wanaacha au wameshaacha. Lile grupu kubwa la kijiji lenye misiba na michango halifai. Kilio chako kitapotea humo, na wapo watakaocheka. Tumeni sauti zaidi ya maandishi, ili bibi anayetumia ugoro aseme kwa Kipare na aeleweke.

Asubuhi kila mmoja ataje siku yake: "Leo ya tano." Kiu ikipanda, tuma sauti kabla hujawasha. Anayeipokea asihubiri. Amuulize mwenzake yuko wapi, amwambie anywe maji, avute pumzi ndefu taratibu, wazungumzie nyavu au bei ya samaki mpaka dakika zile zipite. Mtandao ukikosekana ziwani, rekodi hivyo hivyo. Sauti itaondoka ukifika penye mtandao, nawe utakuwa umeshasema. Angalia pia simu isirukie mtandao wa Kenya ikakumalizia salio.

Picha za mapafu yaliyooza tunaomba msizisambaze. Mtu aliyetishwa hutafuta kitu cha kumtuliza, na kwake kitu hicho ni sigara. Afadhali stetasi yenye hela ambazo hukuzipeleka dukani wiki hii. Au taarifa njema ya mwili: dakika 20 tangu sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kutulia, baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara inakuwa imepungua kwa karibu nusu.

Wanaouza mitandaoni "dawa ya kuacha kwa siku moja", au sigara za umeme, msiwapitishie matangazo yao. Mwenye swali la tiba aende zahanati au apige 199, bila malipo, Wizara ya Afya.

Atakayeteleza msimtoe kwenye grupu. Aseme tu, "Jana nimevuta," na yeyote aliye macho amjibu palepale: "Pole ndugu yangu. Leo ni ya kwanza. Umeamkia wapi?"