Kabati la Kuandikia la Kiingereza na Namna ya Kulichunguza

Katika Uingereza ya karne ya 18, bwana mwenye barua na hesabu nyingi alitaka chombo kimoja kiwe meza, sanduku na maktaba. Mafundi seremala walimtengenezea kabati la sehemu mbili. Ya chini ina watoto wa meza na kifuniko cha mteremko, ambacho kikilazwa juu ya vijiti viwili vya kuvuta huwa mahali pa kuandikia. Ndani mna vishubaka vya barua, na pengine kijisanduku cha siri nyuma ya nguzo ndogo. Sehemu ya juu ni rafu za vitabu; milango yake mara nyingi ni ya vioo vidogo vidogo, maana kioo kipana kilikuwa ghali.

Mwaka 1721 Bunge lilifuta ushuru wa mbao kutoka makoloni ya Amerika, na mahogani ya Jamaika ikaingia kwa wingi. Miti hiyo ilikatwa na Waafrika waliotiwa utumwani, jambo ambalo wauzaji wa vitu vya kale hawapendi kulitaja. Mwaka 1754 Thomas Chippendale wa London alichapisha kitabu cha michoro ya samani, nacho kikaigwa na mafundi wengi. Basi kabati kuitwa la Chippendale si ushahidi kwamba lilitoka mikononi mwake.

Hatari kubwa ya mnunuzi ni ile wafanya biashara waiitayo ndoa: sehemu ya juu ya kabati moja hutwikwa juu ya sehemu ya chini ya jingine, kisha vyote viwili huuzwa kwa bei ya kabati kamili. Dalili hazifichiki kwa urahisi. Mbao za mgongo, juu na chini, yafaa zifanane kwa rangi na kwa namna zilivyokatwa. Alama za msumeno zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa duara wa mashine, ulioenea karne ya 19. Skurubu zenye ncha kali nazo ni za baadaye, ingawa skurubu moja hubadilishwa kwa ajili ya matengenezo, na si haki kulihukumu kabati kwa hiyo peke yake.

Dalili iliyo bora imejificha mahali sehemu mbili zinapokutana. Seremala wa zamani hakupoteza mbao nzuri pasipoonekana. Aliacha pale ubao wa kawaida. Pakiwa pamepambwa na kung'arishwa pote, huenda sehemu ya chini ilisimama peke yake zamani. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwangalifu huomba rafu ziinuliwe kabla hajataja bei.