Hesabu ya Kuchelewa Kuanza Udaktari

Mwaka 1934 Julius Nyerere wa Butiama alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza wahitimu wa sekondari wafanye kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kuchelewa si kushindwa, bali ni hesabu.

Chukulia kijana wa Bunda, miaka 25, aliyefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha nne. Stashahada ya utabibu, kwa wastani wa B, miaka 3. Shahada ya udaktari, 5. Mafunzo kwa vitendo, 1. Atahitimu akiwa na 34. Hadi kustaafu, miaka 60, atatibu miaka 26. Kila mwaka wa kusitasita hupunguza mmoja.

Zoezi: Je, akianza na miaka 32?