Dondoo muhimu: Kutoka rekoda ya kaseti hadi kompyuta

Usiiuze rekoda yako ya traki nne kwa kuwa tu umepata laptopu. Hamisha kwanza kazi iliyomo. Ukiweza, azima saundi kadi ya USB yenye matundu manne ya kuingizia sauti, uhamishe traki zote kwa mkupuo mmoja. Kaseti haizunguki kwa kasi ileile mara mbili. Ukihamisha moja moja, ngoma za mwazindika za Kitaita na gitaa zitaachana kabla wimbo haujaisha, na kuzioanisha upya ni kazi ya kuchosha mno.

Programu isikugharimu: Audacity ni ya bure na yatosha kuanzia. Chagua biti 24 na kHz 48. Dakika moja ya stereo itakula takriban MB 17, kwa hiyo nunua diski ya nje mapema. Nakala ya pili ya kazi yako mpe ndugu aliye mjini Voi.

Kaseti huvumilia sauti kubwa, kompyuta haivumilii. Mlio wa juu kabisa uishie karibu na desibeli -12. Ukisikia sauti yako ikichelewa kwenye hedifoni, punguza bafa (buffer) kwenye programu unaporekodi, uiongeze unapochanganya.

Kwa nyumba za mabati za vijiji kama Rukanga au Bungule, rekodi alfajiri, kabla jua halijayafanya yaalike. Tundika blanketi nyuma ya mwimbaji. Ukisikia mvumo, chomoa chaja ya laptopu, utumie betri. Mara nyingi hukoma papo hapo.