Kuchagua Mtutu wa Bunduki kwa Mashindano ya Shabaha ya Masafa ya Kati

Katika bunduki ya mashindano, mtutu ndiyo sehemu inayochakaa kabla ya nyingine zote. Kitako hudumu, komeo hudumu, darubini hudumu. Mtutu huliwa na moto wa baruti kidogo kidogo, hata siku moja alama zikaanza kushuka na mlengaji asijue sababu. Kwa hiyo anayeuingia mchezo huu hununua mtutu si mara moja bali mara kadhaa, na kila mara hukutana na sifa nyingi za wauzaji. Nia yetu katika somo hili ni kumpa mnunuzi njia ya kuzipima sifa hizo kabla hajatoa fedha zake. Hatutaji kiwanda wala duka, kwa kuwa wajibu wetu ni kumfundisha mnunuzi kuuliza, si kumchagulia muuzaji.

Masafa ya kati ni yapi

Tumechukua mfano wa mashindano yanayoendeshwa Marekani kwa kanuni za National Rifle Association. Huko masafa ya kati hufika yadi 600, yaani takriban mita 549, na mlengaji hupiga akiwa amelala kifudifudi. Katika shabaha ya kawaida ya yadi 600, duara la alama 10 lina upana wa inchi 12. Katika daraja liitwalo F-Class, ambamo mlengaji huruhusiwa darubini na tegemeo, duara hilo ni la inchi 6 tu, na duara la ndani kabisa ni la inchi 3.

Vipimo hivi ndivyo msingi wa ununuzi. Walengaji hupima usahihi kwa dakika ya pembe, ambayo kwa yadi 600 ni sawa na inchi 6 na robo hivi. Mtutu unaoweka matundu yote ndani ya nusu dakika unatosha kukaa katika duara la alama 10 la F-Class, maadamu mlengaji ameusoma upepo vizuri. Kwa shabaha ya kawaida, hata mtutu wa dakika moja haumzuii mwanafunzi kupata alama njema.

Sheria kwanza

Kabla ya kuuliza bei, uliza sheria. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, silaha ni ule mwili wa bunduki unaobeba komeo, na mtutu peke yake hauhesabiwi kuwa silaha. Hata hivyo majimbo yanaweza kuwa na masharti yake. Uingereza si hivyo: huko mtutu ni sehemu inayodhibitiwa, na huuzwa kwa mwenye cheti tu. Msomaji aliye Marekani asidhani kwamba anaweza kumtumia ndugu yake wa Afrika Mashariki mtutu kwa posta kama anavyotuma nguo. Mtutu wenye mifuo kwa kawaida huhitaji leseni ya kuutoa Marekani, na kibali cha nchi unakokwenda. Asiyekuwa na karatasi hizo hupoteza mali yake, na huenda akashtakiwa.

Kipenyo, na uhai wa mtutu

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kuchagua aina ya risasi kwa kutazama mwendo wake peke yake. Baruti nyingi ikipitishwa katika tundu dogo, moto wake hula koo la mtutu, yaani mahali ambapo mifuo huanzia mbele ya chemba. Mtutu wa .308 Winchester, ukitunzwa, huweza kupiga risasi 3,000 hadi 5,000 kabla usahihi wa mashindano haujapungua. Mtutu wa 6.5-284 huweza kufikia kikomo chake karibu na risasi 1,000.

Tuseme mtutu pamoja na kazi ya fundi umegharimu dola 800. Ukidumu risasi 4,000, kila risasi imechukua senti 20 za mtutu. Ukidumu risasi 1,000, kila risasi imechukua senti 80, bila kuhesabu baruti na ganda. Mlengaji anayepiga risasi 1,500 kwa mwaka atanunua mtutu wa pili kabla msimu haujaisha. Kwa yadi 600 gharama hiyo haina ulazima, kwa maana risasi ya .308 iliyotayarishwa vizuri hufika huko ikiwa bado na mwendo unaozidi ule wa sauti.

Tena kuna kanuni za daraja. Tawi la F-Class liitwalo F-TR hukubali .223 Remington na .308 Winchester peke yake. Anayenunua mtutu wa kipenyo kingine akitumaini kushindana humo atakuwa amenunua majuto.

Mzunguko wa mifuo

Ndani ya mtutu mna mifuo inayozunguka mfano wa uzi wa skrubu, nayo ndiyo huizungusha risasi ili isipinduke hewani. Ikiandikwa kwamba mtutu una mzunguko 1 kwa inchi 12, maana yake risasi huzunguka mara moja kwa kila inchi 12 za safari yake ndani ya mtutu. Tarakimu ikipungua, mzunguko ni wa kasi zaidi.

Kinachoamua mzunguko ni urefu wa kichwa cha risasi zaidi ya uzito wake. Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwalimu wa hisabati huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni iliyo rahisi: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha zidisha kwa 150, kisha gawa kwa urefu wa kichwa cha risasi, vyote vikiwa katika inchi. Kwa kichwa cha kipenyo cha inchi 0.308 na urefu wa inchi 1.2, jibu ni karibu inchi 11.9. Kanuni hii ni makadirio ya kwanza tu, kwa kuwa vichwa vya siku hizi vimechongoka mbele na nyuma. Neno la mwisho ni la mtengenezaji wa risasi, ambaye huandika mzunguko unaofaa.

Kwa desturi, .223 yenye vichwa vizito vya greni 77 hadi 90 hutaka mzunguko 1 kwa inchi 8 au 7. Vichwa vya milimita 6 vya greni 105 hivi hutaka 1 kwa inchi 8. Katika .308, greni 155 hutosheka na 1 kwa inchi 13 au 12, na greni 200 huhitaji 1 kwa inchi 10 hivi. Mzunguko ukiwa mpole mno, risasi huyumba, na tundu katika karatasi huwa refu badala ya kuwa duara. Kasoro hiyo haina dawa ila kubadili risasi au kununua mtutu mwingine. Basi chagua kichwa cha risasi kwanza, mtutu ufuate.

Urefu na uzito

Mitutu ya mashindano haya mara nyingi huwa na inchi 26 hadi 30. Katika .308 kila inchi huongeza mwendo wa futi 20 hadi 30 hivi kwa sekunde. Inchi 2 zaidi hupunguza msukumo wa upepo, lakini kwa kiasi kidogo: upepo wa maili 10 kwa saa unaotoka ubavuni huisukuma risasi ya .308 inchi 25 hadi 35 kwa yadi 600, na urefu huo wa ziada huokoa inchi 1 tu au pungufu. Mlengaji akikosea upepo kwa maili 2 kwa saa, amekosa inchi 5 hadi 7. Fedha za urefu wa ziada huzaa zaidi zikitumika katika mazoezi ya kusoma upepo.

Mtutu mnene huchelewa kupata joto, nao hutulia. Ila pima uzito wa bunduki nzima: F-TR haikubali zaidi ya kilo 8.25 pamoja na miguu ya kuegemea, na tawi la F-Open haliruhusu zaidi ya kilo 10.

Maana ya dhamana

Muuzaji akisema mtutu wake hupiga nusu dakika, muulize: kwa risasi ngapi, na kwa makundi mangapi? Kundi la risasi 3 huweza kuwa dogo kwa bahati. Mashindano ni risasi 20 mfululizo, na kundi hutanuka kadiri risasi zinavyoongezeka. Dhamana yenye maana hutaja idadi ya risasi, masafa, aina ya risasi, na jambo atakalofanya muuzaji mtutu usipotimiza ahadi: atarudisha fedha, atabadilisha, au atasikitika tu? Yote yawe kwa maandishi.

Kuhusu mifuo kuchongwa, kusukumwa kwa kitufe kigumu au kufuliwa kwa nyundo, njia zote tatu zimetoa mitutu mizuri na mibaya. Linalofaa kuulizwa ni kama tundu lina upana uleule toka mwanzo hadi mwisho, na kama limesuguliwa kwa mkono.

Kufunga mtutu ni jambo la uhai

Rahisi huvunja upishi, na hapa huweza kuvunja jicho. Mtutu usiokaa mahali pake huacha nafasi isiyofaa kati ya komeo na ganda. Ganda huweza kupasuka na gesi ya moto ikamrudia mlengaji. Fundi bunduki hana budi kutumia vipimo viwili, cha kukubali na cha kukataa: komeo lifunge juu ya cha kwanza, lisifunge juu ya cha pili. Omba ufanyiwe kipimo hicho mbele yako, bunduki ikiwa tupu. Omba pia mchoro wa chemba. Chemba iliyobanwa shingoni hudai maganda yaliyopunguzwa unene. Risasi za dukani zikitumiwa humo, shinikizo huweza kupanda hadi pa hatari.

Mtutu uliotumika usinunuliwe bila kuchunguzwa koo lake kwa kamera nyembamba na mdomo wake kwa kioo cha kukuzia, wala bila daftari la risasi zilizopigwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anza lako siku ya kwanza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, kipenyo hiki kinakubaliwa katika daraja ninaloshindana?
2. Nitapiga kichwa gani cha risasi, na mtengenezaji wake anataka mzunguko gani?
3. Kwa risasi ninazopiga kila mwaka, mtutu utadumu misimu mingapi?
4. Bunduki nzima itakuwa na uzito gani?
5. Dhamana inataja risasi ngapi, na suluhu gani?
6. Nani atafunga mtutu, na je, atanionyesha vipimo?
7. Mtutu utakuwa tayari lini, na malipo ya awali yatarudishwa ukichelewa?

Muuzaji mwaminifu hatachoshwa na maswali haya. Anayechoka kabla ya kupokea fedha zako hatakuwa na subira baada ya kuzipokea.