Sianidi ya kiwandani na sianidi ya muhogo



Anayefanya kazi ya dhahabu analijua neno sianidi. Kule Namoya, katika teritwari ya Kabambare, katika miaka ya 2010 dhahabu ilitolewa katika mawe kwa maji ya sianidi. Mapipa yake huwekwa alama ya fuvu la kichwa, na mfanyakazi haruhusiwi kuyagusa pasipo glavu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba sumu hiyohiyo hutoka katika muhogo, chakula chetu cha kila siku toka Kasongo hadi Kabambare. Tuone inatokaje, maana bila kujua hayo mtu hawezi kujikinga.

Sianidi ni karboni moja iliyoshikana na azoti moja, basi. Karboni ndiyo iliyo katika makaa, azoti ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Hakuna kigeni hapo. Hata mwili wako umejengwa hasa kwa vitu vichache: karboni, hidrojeni, oksijeni, azoti, na vingine kama salfa kwa kiasi kidogo. Vikishikana, kundi lao huitwa molekuli. Vikipangwa hivi, ni sukari. Vikipangwa vile, ni nyama ya mwili. Vikipangwa namna nyingine, ni sumu. Ni kama fundi mwashi: matofali yaleyale yanajenga nyumba, na yaleyale yanajenga gereza.

Muhogo karibu wote ni maji na wanga. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo glukozi, nao unatupa nguvu ya kushika sururu. Lakini wanga ni kuni tu, si matofali. Kinachojenga mwili ni proteini, nayo ni mnyororo wa molekuli ziitwazo asidi za amino, za namna 20. Mbili kati ya hizo, metionini na sisteini, zina salfa ndani yake, salfa ileile iliyo katika mawe ya pairiti ambayo wachimbaji wapya huyadhani dhahabu. Zishikeni hizo mbili kichwani, tutazirudia.

Sasa, mhogo mchungu una molekuli nyingine iitwayo linamarini: glukozi iliyobeba kipande cha sianidi mgongoni. Mmea wenyewe unaitengeneza ili wanyama wasiule. Muhogo ukiwa mzima, linamarini imefungiwa chumba chake, na kimeng'enya kinachoweza kuikata kimefungiwa mahali pengine. Ukiutwanga, ukiukwangua au ukiuloweka mpaka ulainike, kuta za vyumba zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na sianidi inatoka. Inachemka kwa joto la digrii 26 hivi, kwa hiyo inaruka hewani kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo bibi zetu waliotwanga sombe vizuri na kuichemsha sana walifanya kazi ya kemia pasipo kuisoma. Majani yana sianidi nyingi, lakini kinu kinayavunja kabisa na mvuke unaondoa sumu. Sufuria ya sombe musiifunike mwanzoni. Muhogo unaokatwa vipande vinene na kuanikwa tu juani ndio hatari, maana unakauka kabla vyumba havijavunjika, na linamarini inabaki ikingoja tumbo la mtu.

Ndani ya mwili sianidi inafanya nini? Damu inabeba oksijeni kama kawaida, lakini chembe za mwili zinashindwa kuitumia. Hewa imefika shimoni, lakini mashine imesimama. Aliyekula sumu nyingi kwa mara moja huumwa kichwa, huona kizunguzungu na hutapika, na anaweza kufa siku ileile.

Mwili una dawa yake. Unachukua salfa kutoka katika metionini na sisteini, unaibandika kwenye sianidi, na kitu kinachopatikana kinatoka kwa mkojo, kikiwa hakina ukali ule. Lakini salfa hiyo inatoka wapi kwa mtu anayekula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, pasipo samaki? Hana akiba. Mtu huyo akila sianidi kidogo kila siku kwa majuma kadhaa, miguu yake yote miwili inaweza kukauka kwa ghafula, hata kwa siku moja.

Ugonjwa huo unaitwa konzo. Jina ni la Wayaka wa Kwango, na daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 huko Nampula, Msumbiji. Huko Bandundu njia ya lami ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, biashara ya muhogo ilikua, na watu wakapunguza siku tatu za kuloweka wapate kuuza upesi. Konzo ikaongezeka. Mwaka 2011 waganga waliandika juu ya konzo katika Kivu ya Kusini, jirani zetu, katika nchi iliyochoshwa na vita. Unawapata hasa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na mama walio katika umri wa kuzaa. Haurudi nyuma: miguu iliyokakamaa haiponi. Na si uchawi, wala polio, ambayo mara nyingi hulegeza mguu mmoja.

Basi, loweka muhogo uliomenywa siku tatu kamili, hata kama soko la Kasongo linakuita. Halafu uanike, utwange.

Kama unga umenunuliwa, na hujui ulilowekwa siku ngapi, iko njia iliyojaribiwa Kwango kuanzia mwaka 2010, na wakati wa kazi hiyo wagonjwa wapya hawakuonekana. Tia unga katika beseni, usawazishe, utie alama ya kimo chake kwa ndani. Mimina maji ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze mwembamba juu ya mkeka, usipite unene wa sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Pika ugali siku ileile. Kikomo cha kimataifa ni miligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga, nasi hatuna mizani ya kuipima nyumbani. Saa mbili za jua ni rahisi zaidi.

Katika sahani weka ndakala, samaki wa Lualaba, yai, maharagwe. Wali wa Kasongo pia una metionini kuliko muhogo. Mshahara ukiwa mdogo, kiganja cha ndakala kwa watoto kije kabla ya bia ya baba. Ndivyo ninavyoona mimi.

Neno moja kwa wa kiwandani. Pipa tupu la sianidi lisifike nyumbani kamwe, hata likioshwa mara kumi, kwa kuloweka muhogo wala kwa kuteka maji. Na mtoto akianza kuanguka njiani, au akitembea kwa ncha za vidole, aletwe dispensari siku hiyohiyo, pamoja na unga kidogo wa nyumbani ndani ya karatasi.