Gari Kuukuu na Hitilafu ya Umeme Isiyotulia

Gari lisilowaka kabisa si mtihani mkubwa kwa fundi. Mtihani ni lile linalozima njiani bila onyo, kisha likawaka baada ya robo saa kana kwamba halikuwa na neno. Likifikishwa gereji, halionyeshi dalili yoyote. Fundi hana cha kupima, mwenye gari amechoka, na hapo ndipo husikika maneno “tubadilishe hiki kwanza, tuone”. Kila “tuone” ina bei yake, na mlipaji ni mteja.

Somo hili halikusudii kumfanya msomaji awe fundi. Linakusudia kumwezesha kumpa fundi habari za kutosha, na kudai kipimo kabla ya kununua kipuri.

Hitilafu inayokuja na kutoweka kwa kawaida haitokani na kifaa kilichokufa, kwa kuwa kifaa kilichokufa hakifufuki chenyewe. Mara nyingi chanzo chake ni kiungo: nati iliyolegea, plagi ya waya iliyoingia kutu, au waya uliokatika ndani huku ganda lake la plastiki likiwa zima. Kiungo cha namna hiyo hupitisha umeme kikiwa baridi na hukataa kikipata joto; au hushika barabara ikiwa laini na huachia gari likipita kwenye matuta. Kwa sababu hiyo, joto, mtikisiko na unyevu ni mashahidi wa kuhojiwa mapema.

Weka daftari dogo ndani ya gari. Kila hitilafu inapotokea, andika saa, hali ya hewa, gari lilikuwa limetembea kwa muda gani, na vitu gani vilikuwa vimewashwa. Andika pia, na hili lina uzito kuliko yote, kilichotokea ulipogeuza ufunguo. Ikiwa taa za dashibodi zilififia au kuzimika papo hapo, shuku betri, vibano vyake na waya zake nene. Ikiwa taa zilibaki na nguvu zake lakini stata ikanyamaza au ikatoa mlio mmoja tu, tazama stata yenyewe, relei yake na swichi ya ufunguo. Ikiwa stata ilizungusha injini vizuri lakini injini haikushika, upelelezi uelekezwe kwenye mafuta na cheche za plagi. Mistari mitatu ya daftari hilo inaweza kumpunguzia fundi siku nzima ya kubahatisha.

Chukua gari linalokataa kuwaka adhuhuri tu, baada ya kuegeshwa juani, na likawaka jioni bila shida. Katika baadhi ya magari ya miaka ya 1980 na 1990, relei inayopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta hukaa ndani ya gari, chini ya dashibodi. Kwa miaka mingi ya kupata joto na kupoa, lehemu ndani ya relei hiyo hufanya ufa mwembamba kama unywele. Joto la mchana huutanua ufa, na pampu hukosa umeme. Mwenye gari asiyeandika saa huenda akauziwa pampu mpya.

Ikiwa daftari linaelekeza kwenye betri au waya zake, vipimo si vingi, na mita ya kawaida ya umeme yatosha. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, huonyesha takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya chaji yake. Injini ikiwaka, katika magari mengi ya zamani mita husoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Vipimo hivyo vikiwa sawa, usikubali upesi kununua betri wala alteneta.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni cha waya wa hasi, ambao mafundi huuita ethi. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu mwingine hupiga stata, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Waya uliobakiwa na nyuzi chache za shaba huweza kuonekana mzima ukipimwa bila mzigo, lakini stata huvuta zaidi ya ampea 100, na nyuzi hizo haziwezi kubeba kiasi hicho. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina chumvi, ukoko mweupe au wa kijani kwenye miisho ya waya huu ni jambo la kawaida. Kuisugua na kuikaza ni kazi ya dakika chache.

Zitazamwe pia waya zinazopita kwenye mpira wa mlango na wa buti, kwa kuwa hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Na pasisahaulike palipoongezwa kitu baada ya gari kutoka kiwandani: kengele ya wezi, redio, taa za ziada. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe tu zimewapotezea wamiliki wengi fedha, na mara nyingine zimeanzisha moto.

Mambo matatu yakataliwe waziwazi. Fundi asichomoe kibano cha betri injini ikiwa inawaka ili “kujaribu alteneta”. Umeme huweza kuruka ghafla na kuunguza vifaa vya kielektroniki. Fyuzi inayoungua isibadilishwe kwa yenye ampea kubwa zaidi, wala kwa kipande cha waya. Na plagi za rangi ya manjano zilizo kwenye usukani au karibu nao kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Zisiguswe na asiye na ujuzi nazo.

Mashine ya kusoma makosa ni msaada, lakini namba inayotoa hutaja njia ya umeme yenye kasoro. Haithibitishi kwamba kifaa kilicho mwisho wa njia hiyo kimeharibika. Uliza: waya wake umepimwa?

Nchini Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Mbele ya fundi, awe wa jua kali au wa gereji kubwa, haki hiyo hutekelezwa kwa karatasi. Omba yaandikwe malalamiko yako, kipimo kilichopatikana kabla ya kazi, kilichobadilishwa, na kipimo baada ya kazi. Omba urudishiwe kipuri cha zamani. Kisha, kabla ya kulipa salio, liendesheni gari pamoja katika hali ileile iliyo daftarini: ikiwa lilikuwa likizima adhuhuri, lisikabidhiwe asubuhi.